Kumnyonyesha Mtoto Ambaye Hukumzaa

Ndugu mwenyekiti, wakunga na wauguzi wenzangu, mama zangu na baba zangu mnaosubiri mtoto wa kuasili, na ninyi ambao tayari mmempakata hapo mlipoketi: nashukuru kwa nafasi hii.

Wiki ya kwanza ya Agosti imekuwa Wiki ya Unyonyeshaji Duniani tangu mwaka 1992, na kila inapofika tunasikia mengi mazuri. Lakini karibu yote humlenga mama aliyejifungua. Tunamwambia amweke mtoto kifuani ndani ya saa moja ya kwanza, ampe dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo, asimpe kitu kingine chochote kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonyesha hadi mtoto atimize miaka 2 au zaidi. Mama aliyeasili mtoto huyasikiliza hayo akiwa amenyamaza, maana anajua hakuna anayezungumza naye. Leo nazungumza naye yeye.

Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni kama mwanamke ambaye hakubeba mimba anaweza kutoa maziwa. Anaweza. Si muujiza wala si jambo la juzi. Bibi kumnyonyesha mjukuu aliyefiwa na mama yake ni habari ya kale katika jamii nyingi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1998 mapitio na mapendekezo kuhusu kurudisha maziwa yaliyokatika, na humo limo pia suala la mwanamke asiyejifungua. Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana kama inawezekana.

Swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi kwa ajili yenu: "Nitapata maziwa kiasi gani?" Hakuna daktari wala mkunga anayeweza kukujibu kabla hujaanza. Wanawake wengi ambao hawakubeba mimba hupata sehemu tu ya maziwa anayohitaji mtoto. Wapo wanaopata ya kumtosha, na wapo wanaoishia kwenye matone. Nimeona wanawake wenye moyo mkubwa wakikata tamaa, wakalia, wakamwondoa mtoto kifuani, kwa sababu walijipima kwa mililita. Naomba tukubaliane jambo moja, na mengine yote nitakayosema yajengwe juu yake. Kushiba kwa mtoto ni jambo moja, na kunyonya kifuani kwa mama yake ni jambo la pili. Yakikutana yote katika maziwa yako mwenyewe, alhamdulillahi, tumshukuru Mungu. Yasipokutana, mtoto atashibishwa kwa njia nyingine, na kifua chako kitabaki kuwa chake vilevile.

Tuanze na mwili unavyofanya kazi, kwa sababu mwanamke anayeelewa mwili wake hatishwi ovyo na maneno ya watu. Wakati wa mimba, homoni za estrojeni na projesteroni huyakuza matiti kwa ndani. Vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa huongezeka, na mirija hujitanua. Kondo la nyuma likishatoka, projesteroni hushuka ghafla, na siku ya pili hadi ya nne maziwa hujaa. Hapo mimba imemaliza kazi yake. Kinachoendeleza maziwa kuanzia hapo ni kunyonywa. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake hutoa homoni mbili. Prolaktini huviamuru vifuko vitengeneze maziwa, na oksitosini huvibana ili maziwa yatoke. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayouliza kama mwanamke huyu alikuwa na mimba. Tena titi linaloachwa likiwa limejaa hupunguza kutengeneza, na titi linalotolewa mara kwa mara huongeza. Hiyo ndiyo siri yote ya kuanzisha maziwa: chuchu zichochewe na matiti yatolewe, mara nyingi, siku baada ya siku.

Tofauti yako na mama aliyejifungua ni kwamba matiti yako huenda yakaanza kazi yakiwa na vifuko vichache, kwa kuwa hayakupata ile miezi 9 ya maandalizi. Ndiyo maana aliyewahi kubeba mimba au kunyonyesha, hata kama ni miaka mingi iliyopita, mara nyingi huona maziwa mapema kuliko ambaye hajawahi. Pia kwa kawaida hutapata dang'a. Yatakayokuja yanafanana na maziwa yaliyokomaa ya mama yeyote. Ikiwa mama mzazi wa mtoto yupo na yuko radhi kumpa dang'a katika siku zile za kwanza, mpokeeni kwa heshima. Hajakunyang'anya kitu. Amempa mwanao zawadi ambayo wewe huna.

Na kama mlipata mtoto kwa kuasili baada ya miaka ya kuhangaika kushika mimba, nitasema hili taratibu. Baadhi ya sababu zilizozuia mimba, kama vile matatizo ya tezi ya shingo au homoni zilizovurugika, zinaweza pia kupunguza maziwa. Mwambie daktari historia yako yote kabla hujaanza, apime kinachopimika na kutibu kinachotibika. Usije ukajiona mwili wako umekusaliti mara ya pili kwa jambo ambalo kidonge kimoja cha tezi kingelirekebisha.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Wenye bahati ya kujua miezi kadhaa mapema kwamba mtoto anakuja, ipo njia iliyoandaliwa na daktari Jack Newman wa Kanada akishirikiana na Lenore Goldfarb, ambaye mwenyewe alimnyonyesha mtoto wake aliyebebwa na mwanamke mwingine. Kwa ufupi, mwanamke hutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, mfululizo bila kupumzika, ili mwili udhani una mimba na matiti yakue. Pamoja navyo hutumia dawa iitwayo domperidoni, ambayo hupandisha prolaktini. Wiki kadhaa kabla ya mtoto kufika huacha vidonge vya uzazi, kama vile kondo limetoka, na kuanza kukamua.

Mimi siipingi njia hiyo, lakini siipigii debe pia, na dozi sitaitaja hapa kwa makusudi. Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mwanamke mwenye shinikizo la damu, anayevuta sigara akiwa amevuka miaka 35, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, hafai kuvitumia. Domperidoni nayo ni dawa ya kichefuchefu na kutapika. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2004 dhidi ya kuitumia kuongeza maziwa, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliwekea mipaka dozi na muda wake kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wapo madaktari wanaoendelea kuiandika kwa wanawake waliochunguzwa vizuri, na kuna akina mama imewasaidia. Lakini hiyo ni kazi ya daktari anayekufahamu, aliyesikiliza moyo wako na kuzijua dawa zako nyingine. Si ya kununuliwa dirishani kwa sababu fulani alikwambia. Dawa nyingine ya jamii hiyo, metoklopramidi, inaweza kuleta huzuni nzito na mwili kuchezacheza bila hiari, kwa hiyo mwanamke aliyewahi kuugua sonona aikwepe.

Mitishamba mtaniuliza, najua. Uwatu ndio unaotajwa sana. Ushahidi wake ni dhaifu, na si kweli kwamba kila cha asili hakidhuru: uwatu unaweza kushusha sukari ya damu na kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda. Ukiupenda kama kiungo cha chakula, kula. Ila usimpe mtu fedha zako za maziwa ya mtoto kwa ahadi ya unga fulani.

Mwanamke asiyetaka dawa, au ambaye kesho asubuhi anapigiwa simu aambiwe mtoto yuko tayari, naye ana njia. Anaanza na mikono yake. Kanda matiti kwa upole, kamua kwa mkono au kwa pampu, dakika 10 hadi 15 kila titi, mara 8 hivi katika saa 24. Walau mara moja iwe usiku, kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi usiku. Siku za mwanzo hutaona kitu. Utahisi matiti mazito, chuchu zimekuwa nyepesi kuumia, pengine hedhi imebadilika. Kisha siku moja litatoka tone. Kwa wengine ni wiki ya kwanza, kwa wengine ni baada ya mwezi mzima. Tone hilo lisikudanganye kwamba kesho utajaza kikombe, wala lisikukatishe tamaa. Mwili umeitikia, na kinachobaki ni kuendelea kuuita.

Mtoto mwenyewe akishafika, yeye ni bora kuliko pampu yoyote. Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hukosa mtu wa kuwaonyesha.

Jambo la kwanza ni ngozi kwa ngozi. Mtoto akiwa na nepi tu, kifua chake juu ya kifua chako kilicho wazi, mmejifunika shuka moja. Njia hii ilianza kutumiwa hospitalini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na daktari Edgar Rey Sanabria aliyeianzisha alikuwa akitafuta namna ya kuwaokoa pale mashine zilipokuwa haba. Leo tunaijua kwa jina la kangaruu. Huwatuliza watoto na kuwapa joto, na huichochea oksitosini ya mama. Kwa mtoto wa kuasili ina kazi ya ziada. Ameshazoea harufu moja, sauti moja, pengine ameshapitia mikono mitatu au minne katika muda mfupi. Mpe saa nyingi za kukunusa kabla hujamdai anyonye. Baba naye avue shati afanye hivyo hivyo, hiyo si kazi ya mama peke yake.

Jambo la pili ni mpira. Wakunga mnaufahamu: mpira mwembamba ule ule wa kumlishia mtoto njiti. Ncha moja inaingia kwenye kikombe chenye maziwa, ncha nyingine inabandikwa kwenye titi kwa plasta laini, ilingane na chuchu. Mtoto anaposhika titi, anashika na mpira pamoja. Anavuta, maziwa ya kikombe yanampitia mdomoni, na papo hapo ulimi wake unalichochea titi. Anashiba huku akinyonya, na titi linapewa kazi bila mtoto kuadhibiwa kwa njaa. Kikombe kikiinuliwa maziwa huja haraka, kikishushwa huja polepole. Vipo vifaa vya kiwandani vinavyofanya kazi hiyo hiyo, vyenye kichupa cha kuning'iniza shingoni, lakini kikombe na mpira vinatosha. Kila baada ya kulisha, mpira usukumiwe maji ya moto yenye sabuni kisha maji safi, na ukibadilika rangi au kukakamaa utupwe.

Kwa mtoto anayesita kushika, mtu wa pili anaweza kudondosha matone ya maziwa juu ya titi yateremke hadi kwenye chuchu, mtoto aonje. Mlete titini akiwa na usingizi mwepesi, au pale anapoanza kutafuta kwa mdomo. Usimlete akiwa amekasirika kwa njaa. Hakikisha ameshika sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, kidevu kimegusa titi, mdomo umefunguka wazi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Ikibidi kumlisha nje ya titi, tumia kikombe badala ya chupa kila inapowezekana, asije akazoea chuchu ya plastiki inayotiririsha bila jasho.

Maziwa gani yatiwe kwenye kikombe? Kama ipo huduma salama ya maziwa ya akina mama yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu, hayo kwanza. La sivyo, maziwa ya kopo ya watoto wachanga, yakiandaliwa kwa maji yaliyochemshwa na ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe huweza kuwa na vijidudu. Yapoze kabla ya kumpa mtoto, na pima vijiko kama kopo linavyosema. Narudia hili kwa uzito wote nilionao: usiyapunguze nguvu kwa kuongeza maji, na usimnyime mtoto ili "alazimike" kunyonya. Mtoto mwenye njaa hupoteza nguvu ya kunyonya, na mtoto asiye na nguvu halichochei titi. Mama anayemwachisha mwanae maziwa ya kopo kwa pupa anavipoteza vyote viwili, uzito wa mtoto na maziwa aliyokuwa akiyatafuta.

Utajua anatosheka kwa kukojoa angalau mara 6 kwa siku, mkojo mweupe, na kwa mizani. Katika miezi ya kwanza mtoto asiyeongeza nusu kilo kwa mwezi hapati ya kutosha, na nyongeza lazima ipande. Akiongezeka vizuri na titi likionekana kujaa, punguza nyongeza kidogo kidogo. Tuseme mililita 50 kwa siku nzima, si kwa mlo mmoja, kisha usubiri siku kadhaa, umpime tena, ndipo uamue. Wengine hufika mahali nyongeza ikaisha. Wengine hubaki na kikombe na mpira hadi mtoto aanze kula, na akishaanza kula vyakula vingine kwenye miezi 6, mzigo wote unakuwa mwepesi.

Kabla ya hayo yote, vipimo. Mama apime virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na kaswende. Mtoto naye apimwe. Wengi hawajui kwamba mtoto mwenye virusi anaweza, mara chache, kumwambukiza mwanamke anayemnyonyesha, hasa chuchu zikiwa na michubuko. Kupimwa si kumnyanyapaa mtoto. Ni kumjua, ili atibiwe mapema kama anahitaji. Na mwanamke anayeishi na virusi, akiwa kwenye dawa, azungumze na kliniki yake kabla ya kuamua.

Sasa nirudi kwenye lile suala la kujipima kwa mililita. Mwaka 1981 huko Marekani watafiti Auerbach na Avery walichapisha utafiti wa wanawake 240 walionyonyesha watoto wa kuasili. Walio wengi waliuthamini uhusiano wao na mtoto kuliko kiasi cha maziwa waliyoyapata. Upande mwingine wa dunia, Papua New Guinea, tangu mwaka 1977 sheria ilikataza kuuza chupa za kunyonyeshea bila cheti cha mhudumu wa afya, kwa sababu watoto walikuwa wakifa kwa kuharisha. Mama mlezi huko alipofika kliniki, wahudumu walikuwa na sababu ya kumsaidia anyonyeshe. Mwaka 1994 ukachapishwa utafiti wa wanawake 37 wa huko ambao hawakujifungua watoto wale, na wengi wao walifanikiwa. Ninavyoona mimi, wanawake wale hawakuwa na matiti ya aina nyingine. Walikuwa na watu waliowazunguka wakiamini kwamba jambo hilo ni la kawaida.

Na hapo ndipo penye maumivu ya wengi waliomo humu. Mnaambiwa "unajifanya umezaa". Mnaambiwa ni uchu, ni uongo, ni kumchanganya mtoto. Shangazi anakaa sebuleni anakutazama na ule mpira anauliza kama hayo nayo ni maziwa. Nawaambia jamaa mliofuatana nao leo, kwa upendo kabisa: wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na huyu yupo kazini. Mnachoweza kumfanyia ni kuosha kile kikombe, kupika, kumshika mtoto ili mama alale kwa muda wa saa mbili, na kunyamaza pale ambapo hamna neno jema. Baba wa mtoto, kazi ya saa nane usiku inaweza kuwa yako. Andaa maziwa, bandika mpira, mshikie kikombe. Nimewahi kuwaona wanaume wakifanya hivyo kwa mikono migumu ya kazi, na mtoto akashika titi siku hiyo hiyo.

Yupo pia mtoto atakayekataa. Walio chini ya miezi miwili au mitatu kwa kawaida hukubali kwa urahisi zaidi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ugumu unavyozidi. Mtoto aliyezoea chupa kwa nusu mwaka ana haki ya kushangaa. Mjaribu kwa wiki kadhaa bila kumlazimisha, na kamwe usimsukume kichwa titini. Mtoto aliyewahi kulishwa kwa nguvu hubeba hofu mdomoni. Akiendelea kukataa, mlishe kwa kikombe akiwa ngozi kwa ngozi nawe, macho yenu yakikutana, siku zote mikononi mwako na si kwa kila anayepita. Huyo naye umemlea kifuani. Maziwa uliyokamua, kama yapo, atayanywa kwa kikombe.

Kuna jambo la sheria ambalo wachache hulisema mapema. Mtoto anapoletwa kwa kipindi cha majaribio, kabla mahakama haijatoa amri ya kuasili, bado hajawa wako kisheria, na pengine anaweza kurudishwa kwa ndugu zake. Zungumza na ofisa ustawi wa jamii kabla hujaanza kumnyonyesha. Wengine hukubali, wengine hutaka ridhaa ya wazazi au ya ofisi. Kufichaficha kunaweza kuligharimu shauri lako. Naelewa hofu ya kujifunga moyo kwa mtoto anayeweza kuondoka. Ila mtoto hawezi kusubiri karatasi ili apate mtu wa kushikamana naye. Mkikataliwa kunyonyesha katika kipindi hicho, kamua, hifadhi titi lako likiwa kazini, na mpe mtoto ngozi kwa ngozi.

Kwa Waislamu mlioniuliza kabla ya kikao: ndiyo, kunyonya kuna uzito kwenu kuliko kwa wengine. Sura ya An-Nisaa, aya ya 23, inawataja mama waliokunyonyesheni na dada zenu wa kunyonya pamoja na maharimu, yaani watu wasioruhusiwa kuoana. Kwa familia iliyompokea yatima, hilo linaondoa shida ya sitara mtoto atakapobaleghe ndani ya nyumba. Masharti yanatofautiana. Kati ya madhehebu, Mashafii na Mahanbali huhesabu manyonyo matano, Mahanafi na Wamaliki huona hata kidogo kinatosha, na jumla yao husema iwe katika umri wa kunyonya, ambao Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inautaja kuwa miaka miwili. Nasaba na mirathi havibadiliki. Kuhusu mume wa mnyonyeshaji, pale maziwa yalipokuja bila mimba, wanazuoni wametofautiana, na ndiyo maana baadhi ya familia zenye mtoto wa kike humwomba dada wa mume naye amnyonyeshe, ili mume awe mjomba wake wa kunyonya. Muulizeni mwanazuoni mnayemwamini, na muulizeni mapema, kwa sababu miaka miwili hupita. Andikeni pia nani alimnyonyesha nani, ili miaka 20 ijayo posa isije ikavunjika mlangoni.

Wakunga na wauguzi wenzangu, nina ombi moja kwenu. Mama huyu akija kliniki msimwambie "wewe hujazaa, nenda kanunue kopo". Akija na kopo pia msimwaibishe. Mpimeni mtoto, mwonyesheni mpira, mtazameni anavyomshikisha titi, mpangieni arudi baada ya siku tatu. Kwenye kadi ya mtoto andikeni anapata maziwa kiasi gani na kwa njia gani, ili mwenzenu wa zamu ijayo asianze upya. Na muulizeni mama kuhusu moyo wake. Sonona humpata mama aliyeasili kama inavyompata aliyejifungua, na kwa sababu hatumtarajii, hatumwoni.

Mwisho wa safari hii pia una utaratibu wake. Siku utakayoamua kuacha, iwe ni baada ya miezi mitatu au miaka miwili, punguza mlo mmoja mmoja kwa kuachanisha siku kadhaa, titi lisipatwe na uvimbe. Kama unatumia dawa ya kuongeza maziwa, usiikate ghafla. Ipunguze kwa maelekezo ya daktari, kwa kuwa kuikatiza kumewaletea baadhi ya wanawake wasiwasi na kukosa usingizi. Matone yanaweza kuendelea kutoka kwa wiki au miezi baada ya hapo. Ni kawaida, isipokuwa yawe na damu au yatoke titi moja tu, hapo rudi kliniki ukaonwe.

Mpira na kikombe ninavyo hapa mezani. Anayetaka kuona vinavyobandikwa asogee mbele, na wenye watoto muwalete, tuanze nao.